Chafya Kumi na Saba

Ilikuwa vigumu sana kuugua kwa amani ukiwa jirani wa Tabitha. Ungeweza kujifungia ndani, ungeweza kuwaonya watoto wafunge midomo, ungeweza hata kukoholea ndani ya mto, haikusaidia kitu. Kabla umande haujakauka kwenye migomba ungesikia hodi yake, na hodi ya Tabitha haikuwa ya kuomba ruhusa. Ilikuwa ya kukujulisha kwamba ameshaingia.

Alikuja na chungu cha mtori, supu nzito ya ndizi, kilichofunikwa kwa jani la mgomba, na ndani ya mkono wa gauni lake alichomeka leso nyeupe aliyoitarizi mwenyewe zamani, kwenye darasa la ushonaji la misheni. Kigoda hakukitaka. Alikaa kitandani, pale pale ulipolala, akachota mtori kwa mwiko, akaupuliza pumzi tatu ndefu, akaonja kuhakikisha haukuunguzi, kisha mwiko ule ule ukaja kinywani mwako. Ukitokwa na jasho, leso. Ukitokwa na machozi, leso. Ukitokwa na makamasi, leso ile ile. Mwisho aliomba, kwa kirefu, akigusia kwa upole zile dhambi ambazo huenda ndizo zilizokulaza, halafu akabeba chungu chake kwenda nyumba ya pili.

Usidhani watu walimchukia. Katika vijiji vyote vya mlimani juu ya Kikatiti hakukuwa na mwanamke aliyependwa kama yeye. Aliwauguza wajawazito, wazee, na hata wale waliomsengenya. Ni vile tu kwamba mtu akihisi homa, alijikuta anaomba mambo mawili kwa pamoja: apone, na Tabitha asijue.

Mumewe, Sumari, alikuwa mkulima wa kahawa, mtu wa maneno machache. Huenda ni kwa sababu maneno mengine yote ya nyumba ile yalikuwa yameshachukuliwa.

Mwaka wa hamsini na saba, mwezi wa saba, wakati ukungu umeukalia Mlima Meru na buni za kwanza zinaanza kuwa nyekundu, Tabitha alikwenda mjini Arusha kumwona Elizabeth, binti wa dada yake, aliyejifungua. Elizabeth na mumewe walipanga chumba kimoja Kaloleni, katika nyumba yenye vyumba sita na watu ambao Tabitha aliacha kuwahesabu. Alikuta nyumba nzima inapiga chafya. Baba mtoto alikuwa anatetemeka chini ya blanketi, mwenye nyumba sauti imemkauka, jirani wa chumba cha pili analia kichwa. Mwingine angembusu mtoto na kugeuza. Tabitha alikunja mikono ya gauni, akaomba sufuria, akabaki siku tano.

Alhamisi akarudi nyumbani kwa lori la chama cha wakulima wa kahawa, lililokuwa likiendeshwa na Thomasi. Alianza kupiga chafya njiani. Alipofika nyumbani Sumari alimtazama, akauliza, "Una mafua?"

"Vumbi la barabara," alisema Tabitha, ingawa siku hiyo manyunyu yalikuwa yameilowesha barabara tangu alfajiri. Usiku ule alihisi baridi ya ndani ya mifupa na viungo vikamuuma, lakini Ijumaa ilikuwa siku ya mkutano wa akina mama wa usharika, nyumbani kwa Hanna, na yeye ndiye mwenyekiti. Mwenyekiti haumwi siku ya mkutano. Alijifunga kanga mbili, akaenda, akaongoza, akaomba, akapiga chafya, akawashika mikono akina mama wote wanane mmoja mmoja.

Jumamosi Sumari akalala na homa. Jumapili Hanna naye. Jumatatu ukawasikia akina mama wa mkutano wanakohoa nyuma ya kila ua wa masale, na ilipofika Jumatano nusu ya kijiji ilikuwa kitandani, kahawa imeiva mitini na hakuna wa kuichuma. Tabitha, ambaye kufikia hapo alikuwa amepata nafuu, hakukaa chini. Alipika mtori asubuhi, mtori mchana, mtori jioni. Mwiko haukupata nafasi ya kukauka.

Wiki hiyo karani wa baraza alisoma tangazo lililotoka Boma. Lilisema kwamba mafua makali yametoka ng'ambo na yanazunguka dunia nzima. Kwamba mtu akikohoa au kupiga chafya azibe mdomo na pua. Kwamba watu wanawe mikono kwa sabuni, wafungue madirisha, wasitumie kikombe kimoja, na mgonjwa akae kwake. Watu walilipokea jinsi walivyoyapokea matangazo yote ya Serikali ya Mwingereza tangu walipoondolewa kwenye ardhi yao kule Engare Nanyuki miaka michache nyuma. Mzee mmoja aliinuka akauliza, "Kwanza walitaka mashamba. Sasa wanataka na chafya zetu?" Baraza likacheka mpaka likakohoa, na karani akakunja karatasi yake.

Tabitha hakucheka. Yeye aliamini kwamba mafua yale yameletwa na mtu, na mtu mwenyewe alikuwa anamjua.

"Ni Thomasi," aliwaambia wagonjwa wake, nyumba hadi nyumba, akipuliza mtori. "Nani mwingine anayekwenda mjini kila siku? Analala Kaloleni kwenye vyumba visivyojulikana. Kanisani hajaonekana tangu alipopata kipaimara. Anavuta sigara, na anacheka kwa sauti kubwa mno."

Hizo kwa Tabitha zilikuwa dalili zote za mtu anayeleta mafua. Na kwa kuwa habari ilitolewa pamoja na chakula, ilimezwa vizuri. Ilipofika Jumatano jioni, wanawake wasiokuwa kwenye mkutano ule walikuwa wanawavuta watoto wao ndani wakisikia lori linapanda mlima.

Alhamisi asubuhi Tabitha, chungu mkononi, alishuka mpaka dispensari ya kule barabarani kumwona Anaeli, dresa. Anaeli alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na mitano, baba wa watoto wanne, aliyesomea kazi yake ya kufunga vidonda na kutoa dawa katika hospitali kubwa ya misheni. Tabitha alimjua tangu akiwa anatambaa, na alikuwa na desturi ya kumkumbusha. Alimkuta amezungukwa na watu, kila mmoja anataka sindano.

"Sindano hii haiyawezi mafua," Anaeli alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema neno hilo mara sitini. "Nendeni mkalale. Kunyweni maji mengi, uji, chai. Mwenye kuanza kupumua kwa shida ndiye aletwe haraka. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukupunguzia kazi. Mwenye mafua nimemjua. Mwite Thomasi umfungie."

Anaeli alimsogeza pembeni, penye dirisha lililokuwa wazi. "Mama, ugonjwa huu hauletwi na tabia. Ni vijidudu, vidogo hata hii darubini yangu haivioni. Mtu akipiga chafya vinatoka na matone ya mate, vinamwingia aliye karibu. Vingine vinabaki mkononi, kwenye kikombe, kwenye mwiko..." Akasita. "Kwenye vitu vya namna hiyo. Mtu anavishika, anajigusa pua, basi."

"Ndiyo hivyo. Na Thomasi anavyo."

"Huenda. Lakini siwezi kumfungia mtu kwa huenda." Anaeli alikuna kidevu. Alimtazama mama yule, akatazama leso iliyochungulia kwenye mkono wa gauni, akatazama nje. "Mama, nisaidie kitu kimoja. Mimi siwezi kutoka hapa, na wewe unaijua kila nyumba. Nenda kwa wagonjwa. Muulize kila mmoja alianza lini, na siku mbili tatu kabla ya hapo alikaa karibu na nani. Ukilipata jina, nenda kwa huyo naye umuulize hivyo hivyo. Ufuate tu, mpaka ukute mtu ambaye hakuna kijijini aliyemwambukiza. Huyo utaniletea jina lake."

Tabitha alitoka pale ameinua shingo kama aliyevishwa kofia ya askari. Miaka yote alikuwa akiuliza watu maswali bila kibali, leo anacho.

Alianza kwa mzee Sakaya, mzee wa kanisa, kwa kuwa nyumba yake ndiyo ya kwanza njiani. Mzee alikuwa amelala, blanketi mpaka kidevuni, macho mekundu.

"Shikamoo, mzee. Ulianza lini?"

"Marahaba. Jumanne."

"Jumapili na Jumatatu ulikaa karibu na nani?"

Sakaya alifikiri, akakohoa, akafikiri tena. "Jumapili tulisalimiana na wewe mlangoni pa kanisa. Ulinishika mikono yote miwili ukaniuliza habari za goti."

"Mimi sihesabiki," alisema Tabitha. "Nani mwingine?"

"Hanna. Alipita jioni kumletea mke wangu ndizi, akakaa hapo hapo ulipokaa. Alikuwa anasema kichwa kinamgonga."

Tabitha alitikisa kichwa kwa kuridhika. Jina limepatikana. Alikwenda kwa Hanna, mwanamke mpole mwenye watoto watatu, ambaye sasa aliweza kukaa kitako lakini bado sauti ilikuwa imemkimbia.

"Hanna, mwanangu, ulianza Jumapili. Ijumaa na Jumamosi ulikuwa na nani?"

"Jumamosi sikutoka, mama. Ijumaa tulikuwa na mkutano hapa kwangu."

"Vema sana. Katika mkutano, nani alikuwa anapiga chafya?"

Hanna alitazama vidole vyake. Nje jogoo aliwika, akawika tena, naye bado anavitazama.

"Sema tu, usiogope. Ni kazi ya dispensari."

"Ni wewe, mama."

"Lile lilikuwa vumbi. Nani mwingine?"

"Hakuna mwingine, mama. Ulikunywa chai kidogo kwenye kikombe changu kuona kama sukari imekolea. Halafu ulimshika mtoto." Hanna aliongeza kwa haraka, kama anayefunika shimo, "Na sukari ulisema imetosha."

Tabitha alisimama. Alijiambia kwamba Hanna ana homa, na mwenye homa hana kumbukumbu. Hata hivyo alipokuwa akishuka kwenda ghala la chama, mwendo wake ulikuwa umepungua kidogo, na alipopita nyumba ya mama mwingine wa mkutano hakuingia kuuliza. Alikwenda moja kwa moja kwa Thomasi. Alitaka mafua yaishie kwa Thomasi, na alitaka yaishie leo.

Thomasi alikuwa amelala chini ya lori, miguu nje, anapiga mluzi. Alipotoka alikuwa na mafuta mpaka kwenye nyusi, na mzima kama gogo la mninga.

"Shikamoo, mama! Karibu. Leo umeamua kunisogelea? Nasikia mimi ni sumu."

"Marahaba. Thomasi, nijibu kwa kweli. Ulianza mafua lini?"

"Sijaanza."

"Haiwezekani."

"Nipime." Akavuta pumzi kifua kikajaa, akaitoa bila hata kikohozi kimoja. "Tangu wiki iliyopita niko Moshi na lori, nimerudi jana. Sijalala hapa, sijala na mtu hapa. Ila..." Alijifuta mikono kwa kitambaa, pole pole, na tabasamu likaanza kumponyoka. "Ila mara ya mwisho kabla ya hapo nilimbeba mtu kutoka mjini. Alhamisi. Nilimweka mbele, karibu yangu, kwa heshima. Mama yangu, mtu yule alianza kupiga chafya Tengeru. Akapiga Usa River. Pale Maji ya Chai alipiga tatu kwa mfululizo, kioo cha mbele kikapata ukungu. Nilihesabu kumi na saba mpaka Kikatiti. Nilifungua dirisha nikaendesha kichwa kiko nje kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Mvua yote ile iliniishia usoni."

Tabitha alifungua mdomo, na neno vumbi lilikuwa tayari ulimini. Halikutoka. Alimtazama Thomasi, kisha akatazama chungu chake, kisha, kwa sababu hakujua pa kutazama tena, akaitazama mikono yake miwili.

Ndani ya kichwa chake nyumba zilianza kupita moja moja, kama watu wanaotoka kanisani. Kwa Hanna alikaa Ijumaa. Kwa mama wa pili alikwenda Jumapili, kwa wa tatu Jumatatu. Kila mahali alifika na mtori watu wakiwa na mgonjwa mmoja, na aliporudi kesho yake walikuwa watatu, naye akaona ni vema kwamba alirudi. Na Jumanne, akitoka kwa Hanna, mwiko haujaoshwa, alivuka kijito kwenda kwa bibi Hedwiga.

"Hedwiga," alisema kwa sauti.

"Mama?"

Tabitha alikuwa ameshaanza kupanda mlima.

Bibi Hedwiga alikuwa na miaka sabini na zaidi. Alibatizwa wakati wa Wadachi, akafundisha ushonaji misheni kwa miaka mingi, na ndiye aliyemshikisha Tabitha sindano mara ya kwanza. Alikuwa mtu pekee mlimani ambaye Tabitha alimwamkia na kukemewa bila kujibu. Kifua chake kilikuwa dhaifu tangu zamani, na aliishi peke yake ng'ambo ya kijito, mahali ambapo msimu wa baridi hakufika mtu ila Tabitha.

Mlango ulikuwa umefungwa, na paani hapakuwa na moshi. Kutoka ndani kilisikika kikohozi kikavu, cha chini, kama mtu anayevunja vijiti.

Tabitha alisimama mlangoni. Alibisha, na safari hii alingoja.

"Nani?" ilisema sauti nyembamba.

"Ni mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Kwa nini huingii? Umeanza lini adabu?"

Hakuingia. Aliacha chungu nje na kukimbia, mwanamke wa miaka hamsini na sita na mwili wake wote, akirudi ghalani. Thomasi hakuuliza maswali. Aliwasha lori akashuka dispensari, na kabla ya saa nzima kupita alikuwa amerudi na Anaeli na mfuko wake.

Anaeli alimpima bibi, akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akatoka nje alipokuwa Tabitha.

"Ni mafua yale yale. Kwa sasa kifua hakijashikwa, lakini kwa umri wake naogopa kichomi. Hospitali imejaa mpaka verandani, na safari hii ya matope inaweza kumdhuru. Nitakuja kila siku. Anahitaji mtu mmoja wa kumtunza, mmoja tu."

"Mwanangu," alisema Tabitha, "jina nimelipata."

Anaeli alitazama viatu vyake.

"Ulijua tangu asubuhi."

"Nilidhani, mama."

"Na hukuniambia."

"Mama, wewe ulinifuta makamasi mimi. Ningeanzia wapi?"

"Ungeniambia ningekuchapa," alikubali Tabitha. Kisha midomo yake ikaanza kutetemeka, akaivuta leso kutoka mkononi mwa gauni, akaiona, akairudisha bila kuitumia. "Nilikuwa nawapelekea chakula, Anaeli. Chakula tu."

"Najua. Na chakula walikihitaji. Sasa nikuonyeshe jinsi ya kukipeleka."

Akamwonyesha, kwa sauti ya chini, bila kumkosea heshima. Tabitha alikwisha kuugua, kwa hiyo si rahisi yamrudie upesi, na ndiye anayefaa kumtunza bibi. Lakini mikono yake inaweza kubeba ya wengine. Basi anawe kwa sabuni ya mche kabla ya kuingia na baada ya kutoka, mpaka kwenye viwiko, bila haraka. Dirisha liwe wazi mchana, hata bibi alalamike. Bibi awe na kikombe chake na kijiko chake, vichemshwe. Kikohozi kizibwe kwa kitambaa, na kitambaa kichemshwe. Mtori upoe wenyewe.

"Wenyewe?" aliuliza Tabitha.

"Wenyewe, mama. Usiupulize."

Katika yote hilo ndilo lililomshinda kuliko mengine. Siku ya kwanza alijikuta mara nne amevimbisha mashavu juu ya kijiko, akayapunguza taratibu huku bibi Hedwiga akimtazama kutoka kitandani kwa udadisi. Ile leso aliichemsha siku hiyo hiyo, pamoja na vijiko, akaianika uani.

Siku ya nne, Jumapili, homa ya bibi ilipanda tena, pumzi zikawa fupi, na upande mmoja wa kifua ukawa unamchoma. Anaeli alisikiliza akasema ni kichomi, kimeingia kwa mlango uliofunguliwa na mafua, na sasa ndipo sindano ina kazi. Alimchoma asubuhi na jioni. Tabitha alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha, mbali kidogo na kitanda, mikono magotini. Aliomba kwa kifupi sana, na hakutaja dhambi ya mtu mwingine yeyote.

Huku nje akapata mtihani wake. Watu walioanza kupata nafuu walisikia bibi Hedwiga yuko taabani, na kwa kuwa walifundishwa na Tabitha mwenyewe namna ya kutembelea wagonjwa, walikuja. Walikuja na ndizi, na maziwa ya mgando, na vikohozi. Mzee Sakaya alikuja na fimbo yake na goti lake. Tabitha aliwakuta kwenye ua wa masale, amejifunga kitambaa safi puani na mdomoni, amenyoosha mkono.

"Hapana. Simameni hapo hapo."

"Tabitha, sisi tumekuja kumpa pole mgonjwa!"

"Mpeni kutoka hapo. Anasikia."

Basi wakasimama ng'ambo ya ua wakampa pole kwa kupaza sauti, mzee Sakaya akaomba kwa nguvu mpaka mbwa wa jirani wakajibu, na kutoka dirishani mkono mwembamba ukapunga. Ndizi na maziwa viliachwa chini, Tabitha akavichukua walipoondoka. Hakuna aliyewahi kuota kumwona Tabitha akimzuia mtu kuingia kwa mgonjwa. Waliporudi nyumbani walilizungumza hilo kuliko ugonjwa wenyewe.

Sumari naye alikuja, bado amekonda kutokana na homa yake. Alisimama mbali, mikono mfukoni.

"Nasikia ulikuwa unatafuta aliyeleta mafua," alisema.

"Nilikuwa natafuta."

"Uliuliza watu wengi?"

"Baadhi."

"Hukuniuliza mimi. Nami ndiye niliyelala wa kwanza." Alitazama mlima, ambako ukungu ulikuwa umeanza kupasuka. "Ningekuambia Jumamosi ile ile, ukapumzika miguu."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizompa kwa miaka kadhaa. Tabitha alianza kucheka chini ya kitambaa chake, na kicheko kikageuka kilio katikati. Sumari akangoja pale pale aliposimama mpaka vyote viwili vikaisha.

Jumatano homa ya bibi ilishuka. Alhamisi aliomba kuketishwa, akanywa nusu bakuli, akalalamika kuhusu dirisha. Tabitha aliona amepata nguvu za kutosha kusikia.

"Bibi, nina neno. Ni mimi niliyekuletea ugonjwa huu. Mwiko ulitoka kwa Hanna ukaja kwako."

Hedwiga alimeza, akajifuta mdomo kwa kitambaa chake mwenyewe. "Nilikuona unapuliza," alisema. "Nikasema moyoni, huyu mtoto leo ananiua kwa mapenzi. Lakini nani angekukataza? Ungeomba nusu saa zaidi."

"Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe. Ongeza chumvi kidogo. Hofu yako imeingia mpaka kwenye chakula."

Kijijini watu waliendelea kuugua kwa wiki mbili nyingine, lakini wachache wachache, na kahawa ikachumwa, ingawa kwa kuchelewa. Hawakuzika mtu. Usharika wa jirani walizika wawili, mzee mmoja na mama aliyekuwa na mimba, na jambo hilo Tabitha alilibeba kimya, kwa sababu hakujua kama katika siku zile alimshika mkono mtu wa upande ule. Alimuuliza Anaeli. Anaeli alisema hakuna awezaye kujua. Alimuuliza pia mbona Thomasi aliokoka ndani ya lori, akajibiwa kwamba ni bahati, na dirisha pia.

Mkutano wa akina mama uliofuata ulifanyika nje, chini ya miti ya kivuli ya shamba la Hanna, vigoda vikiwa mbali mbali, kila mmoja na kikombe chake. Kabla ya kufungua, Tabitha alimwomba Thomasi aje. Alikuja amevaa shati safi, akasimama karibu na mgomba kama mtu asiyejua kama ameitwa kushtakiwa au kulishwa.

"Akina mama," alisema Tabitha, "nilipita nyumba zenu zote nikiwaambia kwamba mafua yaliletwa na huyu. Nilisema uongo, ingawa sikujua kwamba ni uongo. Mafua niliyaleta mimi, kutoka Kaloleni, nikayagawa kwa mkono wangu na kwa mwiko wangu. Thomasi, mwanangu, nisamehe mbele ya hawa niliokuchafulia jina kwao."

"Yameisha, mama," alisema Thomasi, na kwa mara ya kwanza hakucheka kwa sauti kubwa.

Tabitha aliwageukia wanawake, akingoja mshangao wao. Alikuwa amejiandaa kwa mshangao. Alikuwa amekesha akiufikiria. Lakini akina mama walikuwa wanatazamana kwa macho ya pembeni, mmoja anapanga kanga yake, mwingine amepata kitu cha kuchunguza ndani ya kikombe.

Hanna ndiye aliyejikaza. "Tulijua, mama."

"Mlijua? Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu ile."

"Nyote?"

Vichwa vinane viliinama, na hilo likatosha. Tabitha alitazama mmoja hadi mwingine. Alitaka kukasirika, akatafuta hasira ndani yake, hakuikuta. Alikaa kwenye kigoda chake, akazivuta kanga zake magotini.

"Basi mngeniambia," alisema kwa sauti ndogo.

"Tutakuambia, mama," alisema Hanna. "Kuanzia sasa tutakuambia."

Na mama mmoja wa nyuma, aliyekuwa na haraka ya kurudi kwenye kahawa yake, akauliza kama sasa wanaweza kuzungumzia mapazia ya kanisa.